UZI: Oposamu si panya, na akianguka mbele yako hajifanyi amekufa

Mgosi wa Muheza:

Wakuu, habari za saa hizi.

Naishi Greensboro, North Carolina, huu mwaka wa saba, na kazi yangu ni zamu ya usiku ghalani. Mtu wa zamu ya usiku hukutana na wanyama ambao majirani zake hawajui hata kama wapo. Alhamisi iliyopita nimerudi saa kumi na moja alfajiri, nikakuta vijana watatu wa mtaani kwetu wamesimama kwenye mapipa ya taka, mmoja ameshika koleo. Mama mmoja jirani yangu, mtu wa Bukavu, akaniita kutoka barazani kwake: "Baba, kuya uone panya ya huku!"

Chini palikuwa na mnyama ukubwa wa paka. Manyoya ya kijivu yaliyovurugika, uso mweupe uliochongoka, mkia mtupu usio na nywele. Amelala ubavu, mdomo wazi, ulimi nje, udenda unamtoka, macho yamefunguka lakini hayaangalii kitu. Nyuma yake kulikuwa na uteute wa kijani unaonuka mzoga wa siku tatu. Kijana mwenye koleo alikuwa anaapa kwamba hajamgusa. Aliinua koleo tu, mnyama akaanguka mwenyewe. Wenzake wakasema basi huyo ana kichaa, amalizwe.

Nikawaomba tusogee mbali kidogo, tukae kwenye ngazi, tunyamaze. Tulikaa kama dakika 25. Kilichoanza kurudi ni masikio. Sikio la kulia likatikisika, likatulia, likatikisika tena, kama mtu anayesikiliza kwanza kama wageni wameondoka. Kisha kichwa kikanyanyuka kidogo kidogo. Akatazama huku na huku, akasimama, akaenda zake bila haraka mpaka chini ya baraza langu la mbao. Yule kijana akaliegemeza koleo ukutani, akabaki amekaa kimya.

Huyo ndiye oposamu, wengi huku wanamwita posamu kwa kifupi. Naleta uzi huu kwa sababu Waswahili tumekuwa wengi Texas, Ohio, North Carolina na kwingineko, na tunamuua mnyama huyu kwa makosa ambayo si yake. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Nianze na hili la upanya, maana ndilo linalomponza zaidi. Mkia ule ndio unawadanganya watu. Oposamu ni mnyama mwenye mfuko tumboni, ndugu wa mbali wa kangaruu, na ndiye pekee wa aina hiyo mwenye asili ya Marekani na Kanada. Makao yake yanaanzia Kostarika, yanapita Meksiko, yanapanda mashariki na katikati ya Marekani mpaka kusini mwa Ontario. Kule California hakuwa wa asili: aliletwa na watu, akaenea pwani ya Pasifiki hadi British Columbia. Mwili wake hata hivyo haukuumbwa kwa baridi. Hana usingizi mrefu wa majira ya baridi kama wanyama wengine wa huku, lazima atoke atafute chakula, na masikio na mkia havina manyoya. Ndiyo maana kaskazini utamwona mwenye ncha za masikio zilizokatika au mkia mfupi. Watu wanadhani ni ukoma au ugonjwa mwingine, kumbe ni jalidi imemla.

Jina lake ni la wenyeji wa Virginia, Wapowhatan, lenye maana ya mnyama mweupe. Waingereza waliofika Jamestown walilisikia wakaliandika mwanzoni mwa karne ya 17. Nahodha John Smith alimweleza kuwa ana kichwa cha nguruwe, mkia wa panya na ukubwa wa paka. Nadhani sifa hiyo ya mkia imemfuata mnyama wa watu miaka 400 bila kupumzika.

Sasa habari ya kuanguka. Huku wana msemo wa "kucheza posamu", wakimaanisha mtu anayejifanya amelala au amekufa. Msemo huo unamsingizia. Kujifanya ni hila, ni kitu unachokusudia. Oposamu hakusudii. Hofu ikimzidi mwili unajizima wenyewe, moyo na pumzi vinapungua kasi, anakuwa kama mtu aliyezirai. Unaweza kumgeuza, kumbeba, hata kumtikisa asijue. Hali hiyo hudumu dakika chache, na mara nyingine saa kadhaa. Ule uteute unaonuka hutoka kwenye tezi za nyuma, na ndio unaomfanya mbwa au mbweha akate tamaa, kwa sababu wanyama wengi wawindaji hawapendi kula kitu walichokikuta kimeoza.

Lakini hafiki hapo mara moja. Kwanza atakukimbia, na mbio zake ni duni. Akibanwa atafungua mdomo wote, akuoneshe meno 50, idadi ambayo hakuna mnyama mwingine wa nchi kavu anayenyonyesha huku Amerika Kaskazini aliye nayo. Atafoka kama paka, atadondosha udenda. Mtu akiona hivyo anasema kichaa. Mimi nimemwona akifanya hivyo mbele ya paka wa jirani, paka akapita njia yake, na oposamu akafunga mdomo akaendelea kula tunda lililodondoka. Ni woga tu.

Naendelea kesho nikitoka kazini. Ulizeni.

Msomaji Kimya:

Mkuu, kwa hiyo huku Bongo hayupo? Nimewahi kuona panya wakubwa sana Morogoro, wanabeba vitu kwenye mifuko ya mashavuni.

Mgosi wa Muheza:

Hayupo mkuu. Afrika nzima leo haina mnyama hata mmoja wa asili mwenye mfuko wa kulelea. Uliowaona Morogoro ni panya buku, mfuko wake ni wa kubebea chakula. Ndio hao wanaofunzwa pale Chuo Kikuu cha Sokoine kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Yule ni panya kweli, na hana aibu kuwa panya. Oposamu yuko mbali naye kiasi kwamba kwa ukoo panya buku yuko karibu zaidi na tembo, na hata na wewe na mimi, kuliko alivyo karibu na oposamu.

Ukitaka mfano wa kwetu kwa hali ya maisha, mimi humfikiria komba. Nimekulia Muheza, na usiku komba akilia juu ya mnazi bibi yangu alikuwa anatuambia tuingie ndani. Mgema akikuta kibuyu kimepungua, ni komba. Kuku akipotea, ni komba. Bundi naye ndiyo hivyo hivyo, akitua juu ya bati watu wanaanza kuuliza nani mgonjwa. Mnyama wa usiku hana wa kumsemea, anatwishwa kila kitu kilichotokea watu wamelala.

Mama wa Columbus:

Asante kwa elimu. Mimi nina watoto wadogo, kwangu suala ni moja tu: kichaa cha mbwa. Huwezi kuniambia mnyama wa porini anayetoa udenda hana kichaa.

Mgosi wa Muheza:

Dada, swali la haki kabisa. Kichaa cha mbwa kinaweza kumpata mnyama yeyote anayenyonyesha, oposamu akiwemo. Ila kwake ni nadra sana. Maelezo yanayokubalika zaidi ni joto la mwili: lake liko nyuzi 34 hadi 35 hivi, chini ya letu, na virusi vile havistawi vizuri humo. Huku Marekani wa kuwaogopa kwa ugonjwa huo ni popo, rakuni, mbweha na kicheche wa huku anayerusha harufu. Ukimwona rakuni mchana anayumba, ita wahusika. Oposamu akitoa udenda huku amefungua mdomo, huo ni udenda wa woga.

Hata hivyo watoto wasimguse. Akiumwa mtu na mnyama yeyote wa porini, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na safari ya hospitali ianze. Na si kwamba oposamu hana ugonjwa wowote. Ana viroboto, na kule Texas na California viroboto hao wanahusishwa na homa ya tifasi. Wafugaji wa farasi wana kesi naye ya kweli: kinyesi chake hubeba kijidudu kinachoshambulia mishipa ya fahamu ya farasi, farasi akaanza kupepesuka, wengine hawaponi. Kama una farasi, funika chakula chake. Sitaki kumtetea kwa uongo.

Fundi wa Houston:

Mgosi umesahau kuwaambia watu jambo kubwa. Oposamu mmoja anakula kupe 5,000 kwa msimu! Huku watu wanabandika hadi mabango. Wenye shida ya kupe wamfuge.

Halafu jambo la pili, ameniua vifaranga sita mwezi wa tatu. Huyo mimi nilimwona kwa macho.

Mgosi wa Muheza:

Kaka, nianze na vifaranga, pole sana. Hilo ni lake, sikatai. Oposamu anakula karibu kila kitu: matunda yaliyoanguka, konokono, mende, panya, mizoga ya barabarani, mayai, vifaranga, na akipata nafasi hata kuku mzima. Banda likifungwa kabla jua halijazama, na wavu uwe na matundu madogo kuliko kichwa chake, tatizo linaisha. Si mchimbaji hodari wala hatafuni mbao. Anaingia palipoachwa wazi.

Sasa kupe. Na mimi niliitangaza habari hiyo miaka miwili mizima, kwa hiyo naomba tuisahihishe pamoja. Chanzo chake ni utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na watu wa Taasisi ya Cary kule Millbrook, jimbo la New York. Walichukua wanyama wa aina mbalimbali wakawaweka kwenye vizimba, wakawamwagia viluwiluwi vya kupe, kisha wakahesabu waliodondoka wakiwa wameshiba damu. Kwa oposamu walidondoka wachache mno. Hesabu ikasema waliokosekana wameliwa wakati anajisafisha, maana hujilamba kama paka. Kutoka hapo zikazaliwa zile 5,000 za kwenye mabango.

Mwaka 2021 watafiti wawili wa Illinois wakauliza swali jepesi: kama anakula kupe, tumboni mwake hawaonekani? Wakachunguza matumbo ya oposamu 32 wa porini, kipande kwa kipande kwa darubini. Hawakukuta kupe hata mmoja. Wakapitia na tafiti za nyuma za chakula chake, nazo hazikuwa na kupe.

Mimi iliniuma niliposoma, nakiri, kwa sababu ilikuwa silaha yangu ya kuwashawishi majirani. Lakini nikajiuliza: mnyama lazima awe mtumishi wangu ndipo nisimpige koleo? Tukimjengea heshima juu ya kupe, siku kupe wakikosekana tumboni na heshima inaondoka.

Kinachosimama ni suala la nyoka. Damu ya oposamu ina protini inayozima sumu ya nyoka wa jamii ya moma wa huku, wakiwemo wale wenye njuga mkiani. Anaumwa, anaendelea na safari, na mara nyingine nyoka mwenyewe ndiye chakula. Mwaka 2015 mtafiti Claire Komives wa Chuo Kikuu cha San Jose na wenzake walieleza jinsi walivyotumia bakteria kutengeneza kipande kidogo cha protini hiyo, wakakichanganya na sumu ya nyoka mwenye njuga, na panya wa maabara waliodungwa mchanganyiko huo wakapona. Ukifikiria kifutu anavyowatafuna wakulima wetu mashambani, na bei ya dawa ya nyoka ilivyo, hiyo ni kazi ya kufuatilia.

Kijana wa Melbourne:

Wakuu mbona huyo mnayemwelezea simjui kabisa? Mimi niko Melbourne, posamu wa huku ni mzuri, macho makubwa, mkia wa manyoya kama brashi, anafanana na komba kabisa. Anatembea juu ya paa usiku kama mwizi mwenye mabuti. Huyo wenu mwenye sura ya panya ametoka wapi?

Mgosi wa Muheza:

Mdogo wangu, umefika wakati mzuri. Jina moja, wanyama wawili. Mwaka 1770 meli ya James Cook ilikuwa imeegeshwa Mto Endeavour, kaskazini mwa Australia, ikitengenezwa. Mtaalamu wao wa viumbe, Joseph Banks, akaona mnyama mwenye mfuko, akasema huyu anafanana na oposamu wa Amerika. Jina likanasa. Wote wana mifuko, lakini ni koo mbili zilizoachana zamani sana. Wa kwenu wako aina nyingi, wengine wakubwa kama paka, wengine wadogo kuliko panya wa nyumbani. Yupo yule wa milimani mwenye gramu 45 hivi, ambaye wataalamu walimjua kwa mifupa ya kale tu tangu 1895. Mwaka 1966 akaonekana mzima, yuko ndani ya nyumba ya watelezaji theluji kule Mlima Hotham, huko huko Victoria kwako.

Na huyo wa juu ya paa lako analindwa na sheria. Nijuavyo, huko Victoria ukimnasa kwa kufuata sheria unatakiwa kumwachia jioni ya siku hiyo hiyo, ndani ya mita 50 kutoka uliponasa, kwa sababu ukimpeleka mbali anaingia kwenye eneo la wenzake na mara nyingi hufa. Mwulize mwenye nyumba wako azibe tundu akishatoka, na amwekee sanduku la mbao mtini.

Kijana wa Melbourne:

Shukrani kaka. Ila rafiki yangu wa Auckland, Nyuzilandi, anasema kule wanaua posamu hao hao na serikali inawashangilia. Inakuwaje?

Mgosi wa Muheza:

Ni kweli, na hapa ndipo nataka tutulie, kwa sababu mwenye kupenda wanyama akiruka jambo hili hajamaliza somo.

Nyuzilandi haikuwa na mnyama wa asili wa nchi kavu anayenyonyesha, isipokuwa popo. Ndege wake walijenga viota bila kumhofia mpanda miti yeyote. Walowezi walitaka biashara ya manyoya. Wakaleta posamu wa Australia mwaka 1837, wale hawakushika. Wakaleta tena, na waliofunguliwa mwaka 1858 wakashika. Wenyewe tunasema kanga hazai ugenini. Posamu kazaa. Kufikia miaka ya 1980 walikadiriwa kuwa milioni 60 hadi 70, katika nchi ambayo watu wake hawakuwa hata milioni nne. Wanakula majani machanga ya miti ya asili mpaka mti unakauka, wanakula mayai na makinda, na wanasambaza kifua kikuu cha ng'ombe. Mwaka 2016 serikali ilitangaza mpango wa kuwamaliza wao, panya na vicheche ifikapo 2050. Wanatumia mitego na sumu, na manyoya yao yanachanganywa na sufu kutengeneza masweta.

Posamu yule yule, Melbourne anawekewa sanduku mtini na sheria inamlinda, Auckland ni adui wa taifa. Tabia yake haikubadilika. Kilichobadilika ni msitu aliopelekwa, na waliompeleka ni watu. Mimi siwalaumu wa Nyuzilandi, nami ningekuwa na kasuku wao hao wa kijani wasioruka ningelala na wasiwasi. Lakini huwezi kuchukua hukumu ya Auckland ukaitekeleza Greensboro kwa mnyama ambaye si ukoo mmoja na yule, na ambaye yuko kwao.

Mzee wa Kitimoto:

Analiwa?

Mgosi wa Muheza:

Mzee wangu, analiwa. Kusini mwa Marekani wameliwa sana, na watu weusi na weupe, kwa viazi vitamu. Januari 1909 William Taft, akiwa amechaguliwa urais lakini hajaapishwa, aliandaliwa karamu kubwa Atlanta, na oposamu kwa viazi vitamu ndiyo ilikuwa sahani yenyewe. Wafanyabiashara wakatengeneza hadi mwanasesere wa oposamu, wakidhani atachukua nafasi ya yule dubu wa kuchezea aliyepewa jina la Rais Roosevelt. Haikudumu. Siku hizi wanaomla ni wachache, kuwinda kunafuata sheria za kila jimbo, na huyo wa kwenye mapipa ya taka sikushauri, maana amekula vilivyomo kwenye mapipa.

Dereva wa Usiku:

Mgosi, mimi ni dereva wa lori, Tennessee mpaka Georgia. Kusema ukweli nimewakanyaga kadhaa. Anasimama katikati ya barabara, taa zinammulika, hakimbii. Juzi nilishuka kuangalia tairi, nikaona aliyekufa pembeni, tumbo linacheza. Nikaogopa nikaondoka. Kilikuwa nini?

Mgosi wa Muheza:

Dereva, ahsante kwa kuuliza. Walikuwa watoto.

Ngoja nieleze vizuri, hapa ndipo nilipoanzia mimi. Mwaka wangu wa pili huku nilikuwa napanga kwingine. Mwenye nyumba aliita kampuni ya kuondoa wadudu na wanyama, fundi akaja, akatega mtego chini ya ngazi, akamchukua jike mmoja mkubwa. Akatuambia wote hawa wana kichaa, tushukuru. Usiku uliofuata natoka kazini nikasikia sauti chini ya ngazi, kama mtu anapiga chafya ndogo ndogo: chi, chi, chi. Nikadhani vifaranga. Nilimulika kwa simu usiku wa pili, ndipo nikaona. Walikuwa wanne, kila mmoja urefu wa kidole changu cha kati. Wawili walishakuwa baridi. Chafya ile ndivyo mtoto wa oposamu anavyomwita mama yake.

Mtu mmoja wa mtaa ule akanipa namba ya mama mmoja mwenye leseni ya kutunza wanyama wa porini. Yule mama alinipokea saa tisa ya usiku akiwa na kanzu ya kulalia, akawachukua wawili walio hai akawaweka kwenye kitambaa chenye joto, na alinifundisha haya ninayowaandikia. Mmoja alipona.

Mimba ya oposamu ni siku 12 au 13 tu. Wanazaliwa wakiwa ukubwa wa nyuki, vipofu, ishirini wanaenea kwenye kijiko cha chai. Wanapanda wenyewe juu ya manyoya ya mama kwa mikono ya mbele mpaka mfukoni, na huko chuchu huwa 13. Anayefika akakuta zimejaa hana pa kwenda. Aliyepata chuchu anaimeza, inavimba mdomoni mwake, anashikamana nayo karibu miezi miwili. Wakifika siku 70 hivi wanaanza kutoka, wanapanda mgongoni kwa mama, wanashika manyoya. Mama zetu wana mbeleko ya kitambaa. Huyu kazaliwa na mbeleko yake tumboni, na wakimzidi humo anawahamishia mgongoni, saba, nane, anatembea nao usiku kucha. Wengine huanguka njiani, na mama hahesabu.

(Zamani watu huku waliamini jike hushika mimba kupitia puani kisha huwapigia chafya watoto wakaingia mfukoni. Dume ana kiungo chenye ncha mbili, jike naye ana matundu mawili ya pua, wakaunganisha. Si kweli.)

Kwa hiyo dereva, jike akigongwa, watoto mfukoni wanaweza kuwa hai siku nzima au zaidi. Ukiwa mahali salama pa kusimama, taa za tahadhari zimewashwa, vaa glavu, msogeze pembeni, angalia mfuko. Wakiwepo, USIWAVUTE kwenye chuchu. Ile chuchu iko mpaka kooni, ukivuta unamchana mdomo. Mweke mama mzima kwenye boksi, funika taulo, usiwape maziwa wala maji, piga simu kwa mtu mwenye leseni ya wanyama wa porini wa eneo hilo. Ukimkuta mdogo anatembea peke yake, pima kwa macho bila mkia: akiwa chini ya sentimita 18 anahitaji msaada, akizidi hapo ni mtu mzima wa maisha yake, mwache. Na kumfuga mwenyewe usijaribu, majimbo mengi yanakataza bila kibali, na mifupa yake inaharibika haraka akilishwa vibaya.

Hata akiepuka magari, porini hafiki mbali sana. Miaka miwili ni mingi kwake.

Dereva wa Usiku:

Sikujua. Nimeweka glavu na taulo chini ya kiti.

Mama wa Columbus:

Mgosi, huyo wa chini ya baraza lako utafanyaje? Mimi naye yupo chini ya ngazi zangu, nimekubali asiuawe, lakini sitaki akae.

Mgosi wa Muheza:

Dada, hana mpango wa kukaa. Oposamu si wa nyumba moja, hulala hapa siku mbili tatu akahamia kwingine, labda jike mwenye watoto ndiye hukawia kidogo. Usizibe tundu akiwa ndani. Ondoa chakula cha paka kilichobaki nje, funga pipa. Kisha chukua gazeti, lifinyange, lichomeke mdomoni mwa tundu bila kukaza. Akiwa ndani atalisukuma akitoka usiku. Likikaa siku tatu usiku halijaguswa, amehama, ndipo uzibe kwa wavu wa chuma.

Wangu nimemwona Jumamosi magharibi, nimekaa dirishani na chai. Anaokota majani makavu kwa mdomo, anayapitisha chini ya tumbo kwa mikono, miguu ya nyuma inayapokea, mkia unayazungusha na kuyabana. Alirudia mpaka mkia ukawa na mzigo kama mtu aliyebeba kuni, akaingia nao chini. Kazi ya ule mkia ndiyo hiyo, pamoja na kujishikiza akipanda mti. Kulala ananing'inia kichwa chini ni kwenye picha za watoto tu, mtu mzima ni mzito kwa hilo. Mguu wake wa nyuma una kidole gumba kisicho na kucha, kama cha mkono wetu, na ukitazama tope la kwenye mapipa asubuhi utaona alama yake imekaa kama nyota.

Gazeti nililichomeka Jumapili. Jumatatu asubuhi nimelikuta limesukumwa nje, limelowa umande. Nimerudisha lingine. Leo ni usiku wa tatu liko vile vile, na yule kijana wa koleo amenigongea mlango mara mbili kuuliza kama bado yupo. Nikitoka kazini kesho tunakwenda naye kununua wavu.